Meli inatia nanga Nafplio, Ugiriki, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni: tunaweza kushuka wenyewe bila kununua ziara?

BintiChumbageni, Tanga

Salaam kwenu nyote. Mwezi wa tisa mimi na mama tutakuwa kwenye meli ya kitalii inayoanzia Piraeus, bandari ya Athens. Kituo kimojawapo ni mji mdogo wa Nafplio. Ratiba inasema meli inafika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, na pembeni kuna alama ya nanga, maana yake haifungi gatini, abiria wanashushwa kwa boti.

Ziara zinazouzwa na meli ni ghali mno kwa watu wawili, kwa hiyo nataka tushuke wenyewe. Mama ana miaka 67. Kwenye tambarare anatembea bila shida, lakini ngazi nyingi zinamsumbua goti. Nimesoma kwamba juu ya mji kuna ngome ya Palamidi yenye ngazi 999, na kwamba magofu ya Mycenae hayako mbali. Vyote viwili vinawezekana kwa siku moja? Mji wenyewe una nini cha kuona kwa mtu asiye na kiongozi? Chakula halali je? Na ni jambo gani hasa linalowakwamisha wanaoshuka peke yao? Naomba majibu ya kina ili nipange mapema.

BahariaRaskazone

Waalaykum salaam binti. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Kinachowakwamisha watu Nafplio ni boti. Mji hauna shida.

Meli kubwa za kitalii hukaa nje, kwenye Ghuba ya Argolis, na abiria huletwa nchi kavu kwa boti za meli yenyewe, zile zile za uokoaji zenye paa. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana: ndivyo meli za mizigo zilivyokaa nje miaka mingi, shehena ikaletwa kwa matishari, kabla bandari yetu haijaongezwa kina. Sasa chukua abiria wote wa meli moja, kila mmoja akitaka kushuka saa ile ile, utaelewa foleni inatoka wapi.

Usiku wa kuamkia kituo, chumbani kwenu kutaletwa gazeti la siku la meli. Meli nyingine huliweka kwenye programu yao ya simu. Tafuta humo mambo matatu: namba za boti zinagawiwa ukumbi gani na kuanzia saa ngapi, boti ya mwisho ya kurudi inaondoka gatini saa ngapi, na simu ya wakala wa bandari, yaani mwakilishi wa meli pale nchi kavu. Hiyo ya wakala iandike kwenye karatasi, maana simu ikizima chaji hutaikumbuka. Walionunua ziara za meli hushushwa kwanza. Asiye na ziara akizubaa kuchukua namba anaweza kukaa ukumbini saa nzima akiangalia wengine wanapita. Kwa hiyo fika ukumbini nusu saa kabla ya muda wa kugawa namba. Njia nyingine ni kusubiri hadi kama saa 4, foleni ikiwa imekwisha na boti zinapakia yeyote anayekuja. Kwa mama ningechagua kuwahi, kwa sababu ya jua.

Kurudi ndiko kwenye hatari. Meli kuondoka saa 11 hakuna maana kwamba mna muda hadi saa 11. Boti ya mwisho kwa kawaida huondoka gatini nusu saa mpaka saa nzima kabla. Gazeti likisema saa 10 na nusu, ninyi pangeni ya saa 9 na nusu. Saa ya mwisho foleni ya gatini huwa ndefu na hakuna kivuli cha maana. Halafu kuna upepo. Ghuba ile imefunguka kusini-mashariki, kwa hiyo upepo wa kusini ukiamka alasiri mawimbi yanaingia moja kwa moja, na boti inapanda na kushuka pale kwenye jukwaa la meli. Mabaharia watamshika mama mikono miwili na kumwambia avuke boti ikilingana na jukwaa. Asibebe kitu mkononi. Begi liwe mgongoni mwako, na kama ana mkongojo umpe baharia kwanza, ndipo mama avuke. Asiwe na haraka na asikatae kushikwa. Wanaoumia ni wale wanaojirusha wenyewe kabla ya kuambiwa.

Upepo ukizidi, nahodha hufuta kituo asubuhi hiyo hiyo. Ndiyo maana usilipie mapema teksi wala tiketi isiyorudishwa pesa.

Tofauti kubwa kati ya ziara ya meli na kutembea wenyewe ni hii: basi la ziara ya meli likichelewa, meli husubiri. Ninyi mkichelewa, haisubiri. Basi kila mnachopanga kiwe karibu na gati kadiri siku inavyokwenda. Cha mbali kwanza, cha karibu mwisho.

Kuhusu saa: mwezi wa tisa Ugiriki inatumia saa za majira ya joto, ambazo ni sawa kabisa na zetu za Afrika Mashariki. Saa ya mkononi ya mama haina haja ya kuguswa. Ila ulizeni mapokezi kama saa ya meli ni hiyo hiyo ya nchi kavu, kwa sababu meli nyingine hubaki na saa zao. Na kila kitu kitaandikwa kwa mtindo wa saa 24. 16:30 ni saa 10 na nusu jioni. Mwandikie mama kwa hesabu yetu kwenye karatasi aiweke mkobani.

MwalimuKaole, Bagamoyo

Mpe mama shikamoo yangu. Baharia kamaliza habari ya boti, mimi naingia mjini.

Dada, mji mkongwe wa Nafplio ni mdogo sana. Ukishuka kwenye boti, uwanja mkuu, Syntagma, uko kama dakika tano kwa miguu. Huhitaji kiongozi wala basi. Unachohitaji ni kujua wapi ni tambarare na wapi ni mlima. Kanuni yake ni nyepesi: upande wa bahari ya bandari ni tambarare, na kila kichochoro kinachoelekea kusini kinapanda kwa ngazi kuelekea mlima wa Akronafplia. Mtaa wa Vasileos Konstantinou, unaotoka Syntagma kwenda uwanja wa Trion Navarchon, ni wa waenda kwa miguu na hauna kupanda. Mama anaweza kuutembea wote akipumzika kwenye viti.

Syntagma imesakafiwa kwa marumaru iliyosuguliwa na nyayo hadi inang'aa. Ikiwa na maji inateleza vibaya, kwa hiyo viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Upande wa magharibi wa uwanja kuna jengo refu la mawe. Ni ghala la jeshi la Waveneti, watu wa Venice ya Italia, la mwaka 1713, sasa ni makumbusho ya mambo ya kale. Ingieni. Humo mna vazi la vita la shaba nyeusi lililofukuliwa Dendra, kijiji cha eneo hilo, la karne ya 15 kabla ya Kristo. Ni mabamba mazima yaliyomfunika askari kuanzia shingoni hadi mapajani, pamoja na kofia iliyotengenezwa kwa meno ya nguruwe mwitu. Vitu vya umri huo vikiwa vizima namna ile ni nadra popote duniani. Makumbusho za Ugiriki nyingi hufunga siku moja ya juma, na siku inatofautiana, kwa hiyo angalia tovuti ya wizara yao ya utamaduni ukishajua meli inafika siku gani.

Hapo hapo kuna majengo mawili yatakayomgusa mama, kwa sababu ni misikiti ya enzi za Waturuki. Mmoja uko uwanjani penyewe na unaitwa Trianon, sasa ni ukumbi wa maonyesho. Mwingine uko nyuma ya makumbusho, unaitwa Vouleftiko, yaani wa bunge, kwa kuwa wawakilishi wa Wagiriki walikutana humo wakati wa vita vya uhuru. Hakuna unaoswaliwa leo, msiende mkitegemea hilo. Kibla kutoka Nafplio ni kusini-mashariki.

Jambo ambalo watu hupita bila kulitambua ni kwamba mji huu ulikuwa mji mkuu wa Ugiriki huru. Serikali ilikaa hapo hadi 1834 ilipohamia Athens. Kiongozi wa kwanza wa dola, Ioannis Kapodistrias, aliuawa mlangoni mwa kanisa dogo la Mtakatifu Spyridon tarehe 9 Oktoba 1831, kwa mkono wa watu wawili wa ukoo wa Mavromichalis uliokuwa na ugomvi naye. Kovu la risasi bado liko ukutani kando ya mlango, limefunikwa kwa kioo. Kanisa liko juu kidogo ya mitaa ya tambarare, kuna ngazi, lakini ni chache na mama akienda polepole atafika. Ndani ya makanisa mabega yafunikwe. Kanga moja mkobani inatosha.

Sasa Palamidi. Ngome iko mita 216 juu ya bahari. Waveneti waliijenga kati ya 1711 na 1714, na 1715 Waturuki wakaichukua, yaani kazi yote ile wajenzi waliifaidi mwaka mmoja. Wagiriki wakaitwaa usiku mmoja Novemba 1822. Baadaye Theodoros Kolokotronis, jemadari mkuu wa vita hivyo vya uhuru, akafungwa humo na serikali ya nchi aliyoipigania. Alihukumiwa kifo 1834, akasamehewa 1835.

Ngazi husemwa ni 999 na kila anayehesabu hupata idadi yake. Usimpandishe mama. Nyuma ya mlima kuna barabara ya gari inayofika hadi lango la juu. Chukueni teksi kwenda na kurudi, mkubaliane na dereva awasubiri saa moja au arudi saa mtakayotaja. Na ndani pia kuna mawe yasiyo sawa, ngazi zisizo na kingo na kivuli kidogo sana. Mama anaweza kubaki kwenye eneo la karibu na lango na bado akauona mji na ghuba, wakati wewe unazunguka maboma. Yako manane, ukiyamaliza yote ni zaidi ya saa moja.

Wewe mwenyewe ukitaka ngazi, panda asubuhi. Ziko upande wa magharibi wa mlima, kwa hiyo jua la asubuhi linazuiwa na mlima wenyewe na unapanda kivulini. Ukisubiri saa 6 mchana jua liko juu yako na mawe yanatoa joto. Hesabu nusu saa hadi dakika 40 kupanda, maji lita moja kwa mtu. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda, na mawe mengine yamelika katikati. Kwenye maeneo ya kale ya Ugiriki viatu vya visigino virefu haviruhusiwi, wala droni.

Kwa mama kuna kitu kizuri zaidi ya ngome, kwa maoni yangu. Mwisho wa gati, ukipita ngome ndogo yenye mizinga iitwayo Ndugu Watano, inaanza njia ya miguu inayouzunguka mlima wa Akronafplia ukingoni mwa bahari hadi ufuko wa Arvanitia. Ni kama kilomita moja, imesakafiwa, haina kupanda, na upande mmoja ni maji matupu. Asubuhi ina kivuli. Kasoro yake ni kwamba mawe huanguka kutoka juu, na mamlaka huifunga mara kwa mara. Mkikuta uzio umefungwa msiuruke hata mkiwaona wengine wanapita. Arvanitia yenyewe ni changarawe, si mchanga, na kwenye miamba kuna fuu wa bahari wenye miiba, kwa hiyo anayetaka kuoga avae viatu vya maji.

Kile kingome kilichokaa katikati ya maji ni Bourtzi, cha miaka ya 1470. Boti ndogo huenda kutoka gatini. Kwa mtu wa goti, kupanda na kushuka boti mara nyingine mbili siku ile ile ni mzigo usio na faida. Mnakiona vizuri mkiwa mmekaa ufukoni.

ForodhaniTZ

Kabla ya yote hayo, tazameni viza. Pasi ya Tanzania inahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kuingia Ugiriki. Angalia kama meli inapita Uturuki, maana safari nyingi za visiwa vya Ugiriki hugusa Kuşadası, bandari ya huko. Ikipita huko mtakuwa mmetoka Schengen na kuingia tena, hivyo viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na Uturuki nayo ina masharti yake. Viza ya kuingia mara moja kwenye safari ya namna hiyo inawafanya mkataliwe kupanda meli Piraeus, na pesa hairudi.

Pia tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli za kitalii kila bandari. Msimu wa joto ni euro 20 kwa Santorini na Mykonos, na euro 5 kwa bandari nyingine. Kwa kawaida mnaikuta kwenye bili ya meli, hakuna wa kumlipa gatini. Mtu akiwadai taslimu pale, mwelekezeni kwa wafanyakazi wa meli.

BintiChumbageni, Tanga

Ahsanteni sana, shikamoo zimefika. Viza nimeangalia, meli inapita Kuşadası kweli, nimeshamwambia dada abadilishe maombi. Bado moyo wangu uko Mycenae. Nikishuka na boti za mwanzo, teksi inaweza kutupeleka na kuturudisha kwa wakati?

DerevaNguvumali

Inaweza, dada, mkishuka mapema. Mycenae iko kilomita ishirini na kitu kaskazini ya Nafplio, barabara ni nzuri na haina milima mikali. Hesabu nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, saa moja na nusu pale. Mkiwa gatini saa 2 na nusu, saa 5 na nusu mko mjini tena mkitafuta kivuli.

Makubaliano na dereva yawe matatu na yatajwe kabla hamjafunga mlango: bei ya safari nzima na si ya kilomita, muda wa kusubiri ulio ndani ya bei hiyo, na mahali pa kuwashusha mkirudi. Muonyesheni kwenye karatasi saa ya boti yenu. Lipeni mkisharudi, msilipe nusu ya mwanzo. Teksi husubiri karibu na bandari, ila meli ikiwa kubwa zinaisha haraka, kwa hiyo mnaweza kuagiza moja siku chache kabla kwa barua pepe, bila malipo ya awali. Wakitaka kadi yako kwanza, tafuta wengine.

Mabasi ya mikoani, yaitwayo KTEL, yapo na ni nafuu. Shida yake ni kwamba ya kwenda Mycenae ni machache kwa siku na ratiba hubadilika kwa msimu. Basi la kwenda likikupata, la kurudi linaweza lisikupate. Kwa mtu mwenye meli inayomsubiri sipendekezi. Basi la Argos, mji wa jirani, ndilo linalopita mara nyingi.

Pale Mycenae njia inapanda kutoka langoni hadi juu. Lango la Simba, la karne ya 13 kabla ya Kristo, liko mwanzoni, mama atalifikia. Kutoka hapo kwenda kwenye mabaki ya jumba la mfalme ni mlima na vumbi, abaki chini. Kaburi kubwa wanaloliita Hazina ya Atreus liko pembeni ya barabara, nje ya uzio wa ngome, na unaingia bila kupanda. Jiwe lililolala juu ya mlango wake linakadiriwa kuwa na uzito wa tani 120. Tunzeni tiketi, kwa kuwa hiyo hiyo inatumika pande zote. Dhahabu aliyoifukua Mjerumani Heinrich Schliemann, mchimbaji wa mambo ya kale, mwaka 1876 msiitafute pale, iko Athens kwenye makumbusho ya taifa.

MwalimuKaole, Bagamoyo

Dereva hesabu yake ni sahihi lakini inadhani boti ya kwanza itawapata, na wao hawana ziara ya meli. Wakipata namba ya boti ya saa 4, Mycenae inawarudisha mjini karibu saa 7 mchana, jua likiwa kali na mama amechoka, na mji wenyewe hawajauona. Halafu wengi wanaokwenda Mycenae wakarudi mbio hupanda na Palamidi, wakamaliza siku bila kukaa popote.

Dada, chagua kimoja cha juu: Mycenae au Palamidi. Ukiwa huna uhakika wa boti, kuna Tiryns. Ni kilomita nne tu kutoka Nafplio kwenye barabara ya Argos, basi la Argos linapita hapo na teksi ni dakika kumi. Tiryns na Mycenae zimo pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1999. Kuta zake ni za mawe makubwa mno kiasi kwamba Wagiriki wa baadaye waliamini yamepangwa na majitu yenye jicho moja. Ni pa chini, kilima kifupi, na watu ni wachache. Kwa goti la mama na kwa saa zenu, ningekwenda huko bila kusita.

DerevaNguvumali

Nakubali kwa boti ya saa 4. Wekeni mpaka: mkiwa gatini kabla ya saa 3, nendeni Mycenae. Saa 3 ikipita, Tiryns.

MamaNgamiani

Mimi nijibu chakula maana mmekipita.

Mwanangu, nyama inayouzwa sana mitaani, ile ya mishikaki na ile inayokatwa kwenye mkuki unaozunguka, ni ya nguruwe isipokuwa imeandikwa vingine. Majina ya kushika: *hirino* ni nguruwe, *kotopoulo* ni kuku, *moshari* ni ndama, *arni* ni mwanakondoo. Lakini hata huyo kuku hakuchinjwa kwa utaratibu wetu na anachomwa jiko moja na nguruwe. Anayejichunga abaki kwenye vya baharini na vya shambani, na kule havikosekani.

Maduka ya mikate asubuhi yana *tiropita*, sambusa kubwa ya jibini, na *spanakopita* ya mchicha. Mbili zinashibisha hadi mchana. Mchana kuna saladi ya nyanya, tango, zeituni na jibini, na maharage makubwa ya kuokwa waitayo *gigantes*. Hapo uliza kama kuna nyama ndani, wengine hutia soseji. Samaki wadogo wa kukaanga, *gavros*, jamii ya dagaa, ni wa bei nafuu na huja sahani nzima.

Pweza mtampenda, anachomwa juu ya makaa na kutiwa mafuta ya zeituni. Jina lake *htapodi*. Ila soma neno linalofuata: *krasato* maana yake amepikwa kwa mvinyo, *ksidato* ni kwa siki, *sta karvouna* ni wa makaani. Hata wa makaani uliza kama amelowekwa kwenye mvinyo kwanza.

Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, na bei kwenye orodha ni ya kilo, si ya sahani. Watu wengi hushtuka bili ikija. Nenda mwenyewe kwenye barafu umchague, apimwe mbele yako, waandike bei, ndipo apikwe. Waliogandishwa huwekewa alama ya nyota kwenye orodha. Mkate unaoletwa mezani bila kuagizwa unalipiwa kidogo, si utapeli, ndiyo desturi.

Wenyeji hula mchana kuanzia saa 7 na nusu hivi. Kaeni saa 6 mezani, mtahudumiwa haraka na mtapata kivuli mnachokitaka. Kahawa yao ya kienyeji ina machicha chini, msiimalizie. *Sketo* haina sukari, *metrio* sukari kiasi, *gliko* tamu.

Chooni kule kwenye majengo ya zamani karatasi haitupwi kwenye shimo, inatiwa kwenye kikapu kilicho kando, kwa sababu mabomba yao ni membamba na yanaziba.

ForodhaniTZ

Pesa: kabla ya kuondoka Tanga nendeni benki muwashe kadi kwa matumizi ya nje, kadi nyingi za kwetu huzimwa huko kwa usalama. Kwenye mashine za kutolea pesa tumieni za benki zenyewe, si zile zilizotundikwa vibandani karibu na bandari, ambazo makato yake ni makubwa. Mashine ikiuliza ikukate kwa shilingi au kwa euro, chagua euro daima. Ukichagua shilingi wanapanga kiwango chao na unapoteza. Wekeni noti ndogo taslimu kwa basi, maji na boti ndogo. Chupa ya maji ya nusu lita kwenye vibanda ni ya bei nafuu.

Simu iwe kwenye hali ya ndege tangu mkiwa melini. Meli ina mtandao wake wa setilaiti na simu hujiunga yenyewe, na bili yake inatisha. Pakueni ramani ya mji mapema ili isihitaji intaneti.

BintiChumbageni, Tanga

Nimepanga hivi: kuchukua namba mapema, tukiwa gatini kabla ya saa 3 ni Mycenae, ikipita ni Tiryns. Kisha makumbusho, chakula saa 6 na nusu, njia ya ufukoni ikiwa wazi, boti ya saa 9 na nusu. Palamidi nimeiacha. Swali la mwisho kwa Baharia: ikitokea tumeachwa, tunafanya nini?

BahariaRaskazone

Njia ya ufukoni ina kivuli asubuhi tu, kama alivyosema Mwalimu. Mkipata boti ya mapema sana na mama akawa hataki gari, ianzeni hiyo.

Kuachwa: shukeni na pasi zenu wenyewe. Meli nyingine hushikilia pasi za abiria, basi ombeni mapokezi siku moja kabla. Wakikataa, pigeni picha ukurasa wa picha na viza, mchukue na nakala ya karatasi. Mkobani ziwepo dawa za mama za siku mbili, chaja, kadi ya benki na kadi ya chumba. Meli ikiwa imeondoka, msikodi boti ya kuikimbiza. Mpigieni wakala wa bandari kwa ile namba mliyoiandika. Walinzi wa meli wakiona mmekosekana, kwa kawaida hufungua chumba na kumwachia wakala pasi zikiwa zimebaki ndani. Yeye ndiye atakayewaambia meli inalala wapi kesho. Kutoka Nafplio basi la KTEL hufika Athens kwa saa mbili hadi mbili na nusu, na kutoka Piraeus zipo feri za visiwa vingi. Lakini kama kituo kinachofuata ni Kuşadası, swali la kwanza kwa wakala ni kama viza zenu zinawaruhusu kuingia Uturuki kwa njia nyingine isiyo meli hiyo, kabla hamjanunua tiketi yoyote. Gharama zote za kuifuata meli ni zenu, kwa hiyo soma bima ya safari kama inalipia kukosa meli, na kama hailipii, badilisha bima sasa wakati viza bado iko kwenye maombi, kwa kuwa viza ya Schengen inadai bima hata hivyo.

Ugonjwa au ajali nchi kavu, namba ni 112. Inapigika hata simu isipokuwa na salio.